Mwanya wa Wifi Yangu

Mume wangu hakuacha picha hata moja anayocheka. Picha zake ninazo za kutosha: ya kipaimara, ya kitambulisho, ya harusi yetu, na moja amesimama na baiskeli mbele ya kibanja. Zote amefunga mdomo kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Ndivyo tulivyofundishwa kupigwa picha sisi wa umri wetu, kwamba ukionyesha meno unaonekana mtu wa mchezo. Kwa hiyo alipofariki, ule mwanya wake wa meno ya juu, uliokuwa unaonekana kabla hujasikia kicheko chenyewe, haukubaki kwenye karatasi yoyote. Watoto wetu wamechukua meno yangu, yamebanana. Mwanya ulibaki kwa dada yake tu.

Huyu wifi yangu ni mdogo wake wa mwisho. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kagoma, wilaya ya Muleba, na anaishi hukohuko kwenye nyumba za walimu. Mimi niko Nyanga, hapa Bukoba, kwenye nyumba ile ile niliyoolewa. Nina elimu ya darasa la saba na kibanja cha migomba na kahawa. Mume wangu amezikwa humo kibanjani, upande wa nyuma, na napita hapo kila siku nikienda kukata majani ya kufunikia chakula. Kaburini sikuwa nalia. Kilichokuwa kinaninyima nguvu ni wifi akija likizo, akisimulia vituko vya wanafunzi wake, kisha acheke. Hapo nilikuwa naweka chini kisu au sahani niliyoshika, namtazama mdomoni. Yeye alidhani napenda hadithi zake. Hadithi zenyewe mara nyingi sikuzisikia.

Sikumwambia. Mtu mzima anaanzaje kumwambia mwenzake kwamba nakutazama meno kwa sababu ya marehemu?

Tulifanya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Ndugu walikuja, mchungaji akaja, na baada ya chakula baba mdogo wa marehemu akapita na kikapu kidogo cha akamwani. Hizo ni kahawa zetu za kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa. Unapewa mkononi, unaipasua kwa meno ya mbele, unatafuna taratibu huku mnazungumza. Kwetu mgeni hakatai. Wifi alipokea yake kwa mikono miwili, vizuri kabisa, halafu nikamwona anaitia mfukoni.

Mzee naye aliona.

"Mwalimu, hiyo unampelekea nani?"

"Nitatafuna baadaye, tata," akasema, yaani baba.

"Baadaye! Walimu wa siku hizi wanataka kahawa iliyosagwa, ya kwenye kopo."

Watu wakacheka. Shangazi mmoja akadakia, "Au anaogopa tumemtilia kitu?"

Utani huo kwetu ukisemwa mbele ya watu wengi haubaki utani kwa muda mrefu, unageuka tuhuma. Wifi aliujua. Akaitoa kahawa mfukoni, akaiweka kwenye meno ya mbele, akauma. Machozi yalimtoka hapohapo. Waliokaa karibu wakainamisha vichwa kwa heshima wakidhani amemkumbuka kaka yake. Mchungaji akamshika bega.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, anatema.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

"Niache, wifi."

"Fungua."

Lilikuwa jino la mbele la juu, la kushoto, moja ya yale mawili yanayofanya mwanya. Karibu na fizi lilikuwa limegeuka rangi, kama kikombe kilicholala na chai ndani. Juu yake kwenye fizi palikuwa na kipele, na kipele kilikuwa kinatoa maji.

"Tangu lini hili?"

"Tangu mitihani ya darasa la nne. Linauma, linaacha. Natia karafuu."

"Twende hospitali kesho, hapo mjini tu."

"Waling'oe? Jino la juu?" Akanitazama kama nimemwambia tukachome nyumba. "Jino la juu likitoka, jicho linafuata. Mimi kazi yangu ni madaftari, wifi. Darasa lina watoto mpaka mlangoni. Nikipoteza macho nitakula nini?"

Sitasema uongo hapa. Jambo hilo la jino la juu na jicho hata mimi nilikuwa nimelisikia tangu utoto, na nililiamini kama ninavyoamini kwamba mvua hulowesha. Lakini nilikuwa nimeliona jino, na sikulala vizuri.

Alipokuwa bado kwangu nilienda mjini peke yangu. Kliniki ya meno iko pembeni ya njia niliyokuwa nikipita mume wangu akiwa amelazwa, na sikuwahi kuingia. Nilimkuta mtaalamu wa meno amemaliza wagonjwa, ananawa mikono. Nikamweleza jino lilivyo, kipele, maji, rangi. Nikamuuliza habari ya jicho.

"Mama, hilo naulizwa kila wiki," akasema. "Jicho lina mshipa wake na jino lina wake. Mwambie aje mapema. Jino la namna hiyo mara nyingi tunaweza kulisafisha mzizi, tukaliziba, likabaki mahali pake. Akisubiri livimbe na kulegea, tutaling'oa."

"Likizibwa, litabaki vilevile? Pale pale?"

"Pale pale."

Nilirudi Nyanga nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu. Wifi nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, neno kwa neno, hata jinsi yule mtaalamu alivyochora jino kwenye kipande cha karatasi. Akanisikiliza kwa upole, kama anavyomsikiliza mzazi aliyekuja shuleni kulalamika.

"Huyo lazima aseme hivyo," akasema. "Ndiyo biashara yake."

"Amesema hatang'oa!"

"Ataanza kwa kuziba. Wote huanza kwa kuziba."

Januari akarudi Kagoma na karafuu zake.

Watu hudhani mfiwa ni mtu wa huzuni tu. Mimi nilikuwa na hasira mwezi ule wote. Nilipalilia kwa hasira, nilipika kwa hasira. Hasira ya mume wangu kufariki sikujua niielekeze wapi, ugonjwa wake haukuwa na mtu wa kulaumiwa. Lakini hii ya jino ilikuwa na mahali pa kwenda, na dawa ilikuwepo, tena kwa mwendo wa asubuhi moja. Nilimpigia simu mpaka akaanza kuchelewa kupokea. Mwishowe nikafunga mkungu wa ndizi na kopo la senene wa kukaanga, nikapanda basi la Muleba, nikalala kwa ndugu yangu wa Kishanda, na Jumatatu asubuhi nikafika shuleni kwake.

Nilifika wakati wa ukaguzi wa usafi. Watoto walikuwa mstarini uwanjani, wametoa mikono mbele, kucha juu. Wifi ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu. Alikuwa anapita mstari kwa mstari na fimbo fupi kwapani: kucha, kola, nywele, halafu, "Meno!" Wanafunzi wote wakakenua kwa pamoja. Alimsimamisha msichana mmoja mbele.

"Umepiga mswaki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili, mwalimu. Asubuhi na kabla ya kulala."

"Na jino likiuma?"

Uwanja mzima ukaitikia kama wimbo: "Tunakwenda kwa daktari wa meno!"

"Vizuri," akasema wifi yangu, na alisema hilo kwa mdomo uliofunguka nusu tu, maana tayari upande wa kushoto alikuwa hawezi kuuinua vizuri.

Nilisimama kwenye uzio wa michongoma na ndizi zangu, nikatamani kumpigia kelele mbele ya watoto wake. Sikupiga. Mwalimu hadhalilishwi mbele ya darasa.

Saa ya chai alinikaribisha ofisi ya walimu. Chai ilikuwa ya maziwa, tamu mno, na maandazi. Kila aliyekunywa alijiongezea sukari. Nilimwona mwalimu mmoja mwanamume akiuma andazi kwa pembeni ya mdomo, mwingine anakunywa chai akiipitisha upande mmoja. Nikaona bora niseme nikiwa hapo. Labda wenzake wangemwambia.

"Walimu wangu," nikasema, "nimekuja kwa sababu ya jino la huyu wifi yangu. Nisaidieni aende hospitali."

Wakacheka, kicheko kizuri tu cha watu wanaopendana. Wifi akafunika uso kwa daftari.

"Tumemshauri, mama," akasema mwalimu wa sayansi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. "Anatumia dawa. Karafuu, chumvi, na vidonge kutoka duka la dawa."

"Vidonge gani?"

"Vile vya rangi mbili. Akisikia nafuu anaacha, anaweka vingine akiba."

"Na kung'oa?"

Ofisi ikawa na shauri moja. Hapana, la juu hapana. Walinitajia mwalimu mwenzao aliyestaafu, ambaye alitoa jino la juu na mwaka uliofuata akavaa miwani.

"Alikuwa na umri gani?" nikauliza.

"Anakaribia kustaafu."

"Mimi nina miwani nyumbani ya kusomea Biblia na meno yangu ya juu yote yapo."

"Kila mtu na mwili wake, mama," akasema mwalimu mkuu.

"Mshipa wa jino la juu," mwalimu wa sayansi akaeleza, huku akionyesha kwa kidole kutoka mdomoni mpaka kwenye nyusi, "unapanda moja kwa moja hapa."

"Kwenye kitabu cha sayansi umeandikwa?"

"Kitabu hakiandiki kila kitu, mama."

Nilimeza chai. Ningebishana naye kwa kipi? Nilikuwa na kile kipande cha karatasi chenye mchoro wa jino kwenye mkoba, nikakitoa. Kilizunguka mezani. Walikubali kimechorwa vizuri. Mwalimu wa kike mmoja akauliza kama anaweza kukibakiza akinakili ubaoni, maana wiki hiyo alikuwa anafundisha sehemu za jino. Nikamwachia.

Wifi alinisindikiza mpaka barabarani. Kabla bodaboda haijaja nilimshika mkono.

"Nakuomba. Siyo kwa ajili yako tu."

"Kwa ajili ya nani tena?"

Hapo ndipo ningesema. Dereva wa bodaboda akafika, akauliza naenda wapi, na mimi nikamjibu dereva.

Machi, mvua zilipokolea, alinipigia simu na sikuitambua sauti. Ilikuwa kama mtu anayeongea na nguo mdomoni. Nilimkuta kitandani kwake Kagoma, uso umeumuka upande wa kushoto mpaka chini ya jicho, jicho lenyewe limebaki mstari.

"Unaona?" akaniambia kwa shida. "Ni jicho."

Nilitaka kumpiga kofi, na kofi lingempata pale panapouma. Nikamfunga kanga mabegani badala yake. Mwalimu mkuu alitutafutia gari, tukaenda hospitali Muleba. Walimlaza kwanza, wakamchoma sindano mpaka uvimbe ukapungua, kisha wakasema jino limelegea na mfupa umeliwa. Hakuna cha kuziba tena. Nilimuuliza daktari, binti mdogo tu, mara mbili. Akanijibu mara mbili, bila kukasirika.

Waliniruhusu kukaa mlangoni. Jino lilitoka haraka kuliko nilivyodhani, ganzi ilikuwa imeingia vizuri. Wifi akainuka kwenye kiti na pamba mdomoni, na jambo la kwanza alilofanya, hata kabla ya kufuta mate, alisogelea bango la ukutani la chanjo za watoto. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akasoma, midomo ikicheza. Akaziba la kushoto. Akasoma tena, mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa. Daktari alimtazama, akanitazama mimi.

"Ni mwalimu," nikasema.

Wifi akageuka, macho yanang'aa. Akanionyesha dole gumba.

Alikuwa anaona! Nilipaswa kumshukuru Mungu, na nilimshukuru, lakini kichwani kilichokuwa kinazunguka ni miezi yote ile. Jino lilikuwa kwenye sahani ya bati pembeni, na nesi akaja akaifunika na kuiondoa.

Baada ya hapo hakuja Nyanga kwa muda. Alisema ana kazi. Wenzake wakaniambia kwenye simu kwamba anafundisha akiwa ameweka daftari mbele ya mdomo, na ukaguzi wa Jumatatu amemwachia mwingine. Nilimwonea huruma, na bado nilimkasirikia. Nilikuwa nimegundua kwamba ninaweza kufanya yote mawili nikiwa nasonga ugali.

Juni shule zilipofungwa alifika bila taarifa, jioni, amevaa gauni jipya. Nilikuwa nimekaa barazani.

"Hodi, wifi! Nitazame!"

Akacheka. Meno ya juu yalikuwa yamejaa, mstari mmoja, meupe. Alikuwa amewekewa jino la bandia mjini Bukoba siku hiyohiyo. Lilikuwa zuri. Lilikuwa pana kidogo kuliko lililotoka, na lilikuwa limegusana na mwenzake bila nafasi hata ya kupitisha uzi.

"Na mwanya?" nikauliza.

"Fundi aliniuliza, aache nafasi au azibe? Nikamwambia ziba." Akaketi karibu yangu, amefurahi kama mtoto wa sikukuu. "Hujui nilivyoteseka na mwanya ule. Nikisoma imla, kila penye *s* panapiga filimbi. Watoto wananiigiza nyuma ya madarasa. Sasa hata sauti imebadilika, sikia: *sisi sote shambani*."

Ilikuwa imebadilika kweli.

"Umependeza," nikamwambia.

"Mbona umesema kama unanipa pole?"

Safari hii hapakuwa na bodaboda. "Kaka yako alikuwa nao," nikasema.

Niliona ulimi wake unapita nyuma ya mdomo, unatafuta.

"Ndiyo uliokuwa unautazama? Kila nikija?"

"Kila ukija."

"Ungesema, wifi! Mungu wangu. Ungesema!"

"Ningesema nini?" Sauti ilinitoka kubwa, hata jirani aliyekuwa anapita njiani akageuza shingo. "Nilisema nenda hospitali. Nilikuja mpaka shuleni kwako kusema. Niliwaletea walimu wenzako wote picha ya jino! Ungekwenda kwa sababu ya mwanya wa marehemu, na kwa sababu ya uso wako mwenyewe usiende?"

Akapeleka vidole mdomoni, akabonyeza kitu kwa ndani, na jino likatoka pamoja na kipande chake cha plastiki cha rangi ya fizi. Akalishika kiganjani, akanigeukia, akajaribu kutabasamu, anipe nilichokuwa nakitaka.

Lilikuwa tundu. Tundu pana, jeusi, ulimi unaonekana ndani. Mwanya unahitaji meno mawili. Nilitazama kwa sababu alikuwa ananionyesha kwa moyo wote, na yeye aliniangalia usoni akaona kwamba sipo pale alipotaka niwepo.

"Siyo," akasema, na neno likatoka na upepo.

"Siyo," nikasema. "Rudisha jino lako, mwalimu. Ingia ndani tule."